Koti la Kapteni Si Nguo ya Vita

Kasongo, Jumamosi mchana

Kwa Baba yangu, na kwa Mama akiwa ameketi karibu nawe,

Baba, pokea salamu zangu kwa mikono miwili, jinsi ulivyonifundisha kupokea kitu cha mkubwa. Mgongo wako unaendeleaje? Mpunga wa bondeni umeshavunwa, au ndege wamewatangulia? Na Mama, kile kikohozi cha vumbi kimemwacha? Mimi ni mzima. Shangazi Faila ni mzima pia, ingawa wiki hii yote anasema moyo wake unapiga kama kinu kinachotwangwa na wanawake wawili. Tunakula, tunalala, na kisima hakijakauka.

Ninaandika nikiwa sebuleni kwa Shangazi. Amisi, uliyemtuma na pikipiki yake, yuko uani anakula wali na sombe ya majani ya muhogo, na kila baada ya matonge machache ananiita: "Mwamini, unaandika barua ao kitabu? Mimi nilitumwa kubeba mutu. Sasa naona nitabeba karatasi."

Ameona sawasawa. Baba, ujumbe wako nimeupata kama ulivyoutoa: funga vitu, panda, usiulize. Nimeusikiliza nikiwa nimesimama, kwa heshima. Lakini sitapanda. Nakuomba usiikunje barua hii kwa hasira kabla ya kuimaliza, na nakuomba umsomee Mama yote bila kumpunguzia, hata pale patakapokuchoma. Huko Wamaza mmeambiwa kwamba binti yenu amekamatwa akishona sare za watu wa porini, wale wenye bunduki. Ninataka mjue jambo lenyewe kutoka mwanzo, kwa sababu mwanzo wake ni filme, na mtu akiusikia mwisho peke yake hawezi kuelewa.

Unajua kwamba simu ya Shangazi ninaipeleka kuchajiwa kwa Mama Zena, karibu na soko, kwenye zile sahani za jua. Watu wakisubiri simu zao, wanakaa kwenye benchi na kutazama yaliyoingia. Ramazani kinyozi ana kibanda chake hapohapo, na simu yake ni kubwa kuliko za wote, kwa hiyo yeye ndiye mwenye sinema. Miezi iliyopita alipata kipande kifupi cha filme ambayo bado haijatoka. Ni filme ya watu wanaosafiri kati ya nyota. Jina lake ni la Kiingereza na kila mtu analitamka kwa namna yake. Sisi tunaiita tu filme ya Kapteni. Kipande chenyewe kinaisha kabla hujameza mate, na hakisemi chochote cha maana. Kapteni ni mwanamke mweusi mwenye nywele fupi. Amevaa koti la kijivu linalofika magotini, amesimama kwenye mlango wa chombo chake, na kwenye mkono wake wa kushoto amefungwa utepe wa kitambaa cha njano chenye ndege weusi. Mbele yake kuna mzee mrefu mwenye koti jekundu na bunduki mkononi. Upepo unapiga, koti la mzee linafunguka, na ndani, kwenye bitana, unaona njano ileile yenye ndege walewale. Basi. Giza linaingia na maandishi yanatokea.

Baba, kwa kitu hicho kidogo watu wa benchi la Mama Zena wamegombana msimu mzima! Kwa sababu wewe unajua, na kila mtu wa kwetu anajua: watu wawili wakivaa kikwembe kimoja, yaani kitenge kimoja, ni watu wa nyumba moja. Wako kwenye ndoa au wako kwenye msiba. Huko mbali wanakoingojea filme hii, watu wameandika kwamba njano ni alama ya wafungwa, wengine wakaandika kwamba ni alama ya waganga. Hapa hakuna hata mmoja aliyefikiria hivyo.

"Hii ni ndoa," alisema Ramazani, na mkasi mkononi, kichwa cha mteja kikiwa kimenyolewa nusu. "Muzee ni mukwe. Anakuja kuchukua mutoto wake mwanamuke."

"Ndoa gani watu wanashika bunduki?" akauliza Mama Zena.

"Mama, wewe haukuona ndoa ya kwetu!"

"Kumbe ndiyo sababu muke wako alikimbia."

Watu wakacheka mpaka mteja akaomba amaliziwe kichwa kwanza, nyota zitasubiri.

Mimi nilikuwa ninanyamaza siku zote, kwa sababu sikwenda pale kuongea. Lakini siku hiyo niliomba wasimamishe picha palepale kwenye mkono wa Kapteni, na nikatazama kama tunavyofundishwa darasani kutazama nguo: kwanza ukingo, halafu mshono, halafu rangi. Ukingo wa utepe ule haukupindwa. Nyuzi zinaning'inia. Haukukatwa kwa mkasi, umepasuliwa kwa mkono. Na bitana ya mzee imepindwa vizuri kabisa, mshono mdogo, wa mtu aliyekuwa na muda. Nikawaambia: huyu Kapteni hakuwapo walipokuwa wanakata kitambaa.

Mama anakumbuka msiba wa Bibi mzaa baba. Kilinunuliwa kikwembe kimoja kwa ukoo wote. Wakubwa walipata nguo kamili, mashangazi wakapata za kujifunga, watoto wa kwanza wakapata vilemba, na sisi tuliofika baadaye kutoka shambani tulipasuliwa utepe wa kufunga mkononi, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimekwisha. Nilikuwa mdogo, lakini ninakumbuka sauti yake kikipasuka. Kwa hiyo niliwaambia watu wa benchi: Kapteni ni mtoto wa nyumba ya yule mzee, mtoto ambaye hakuhesabiwa. Na mzee anaficha kikwembe cha ukoo kwa ndani, maana yake anajua. Hatampiga risasi.

"Atamupiga!" alisema Ramazani.

"Hatampiga."

"Akiacha kumupiga, mimi nanyoa hii ndevu yangu."

"Ninyi wote ni mashahidi," Mama Zena akasema. "Hata mimi mwenyewe nitashika wembe."

Sijui kama nimesema kweli, Baba. Filme ikitoka na mzee akampiga, nitakwenda kwenye benchi na kusema nilikosea. Lakini jambo moja lilinishika na halikuniacha tena. Mahali fulani, katika nchi ambayo sitaitaja kwa sababu siijui, kuna mtu ambaye kazi yake ni kukaa na kitambaa na kujiuliza: nguo hii itasema nini kabla mwenye kuivaa hajafungua kinywa? Mtu huyo aliacha nyuzi zile zining'inie makusudi. Mshonaji hasahau ukingo. Mimi niko darasa la sita la ushonaji, la mwisho katika sekondari yetu, nimefundishwa blauzi, sketi, nguo za watoto wachanga, na ninazishona vizuri, walimu watakuambia. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kazi ile nyingine ipo. Nimejiambia mwenyewe, kwenye benchi la Mama Zena, na sitaki kusahau.

Sasa tufike kwenye koti. Kila mwanafunzi wa darasa la sita anapaswa kuleta nguo moja aliyoichagua mwenyewe, na kwa shule yetu nguo haitundikwi. Inavaliwa na mtu yuleyule aliyepimwa. Walimu na wazazi wanamzunguka, wanavuta mikono, wanageuza pindo, wanauliza. Bila nguo hiyo hakuna mtihani wa vitendo, na bila mtihani wa vitendo miaka yangu yote hapa ni kazi bure. Wenzangu walichagua libaya, ile blauzi ya kikwembe, na nguo za watoto. Mimi nilichagua koti la Kapteni.

Kitambaa cha kijivu sikuwa nacho. Nilizunguka kwa watengenezaji wa miavuli, nikaomba ile iliyovunjika mbavu, na Ramazani akawaambia wateja wake wote, kwa hiyo watu walianza kuleta miavuli yao mibovu kwenye kibanda cha kinyozi kama watu wanaoleta mbuzi kwenye harusi. Nilifumua kila pembe tatu, nikafua, nikaunganisha. Mvua haiingii ndani ya koti lile, Baba. Mwalimu wangu wa ushonaji alipitisha kidole kwenye mishono, akasema, "Ukiweza kuendelea hivi, endelea." Utepe wa njano nilipasua kutoka kwenye kikwembe kilichochakaa cha Shangazi. Una kuku badala ya ndege, lakini kwa mbali hakuna atakayejua.

Na vipimo ni vya Mama. Mama, ulifikiri ninacheza wakati wa likizo nilipokuzungushia kamba nikifunga mafundo? Nilikuwa ninakupima. Mabega ya Kapteni ni mapana, ya mtu aliyebeba mizigo, na mimi ninajua mabega ya namna hiyo yako wapi.

Koti lilipokwisha nililipiga pasi ya makaa na kulitundika dirishani likae sawa. Hapo ndipo yalipoanza. Jirani mmoja alipita, akaona koti la kijivu, vifungo viwili viwili kifuani, na kitambaa cha rangi kwenye mkono. Hakuona filme. Aliona kile ambacho ninyi mliona miaka ile, tulipolala shambani tukijificha na Mama ameziba kinywa cha mtoto. Siwezi kumlaumu. Kwa watu wa benchi utepe ule ulikuwa msiba au ndoa. Kwake ulikuwa alama ya kundi la wenye bunduki.

Chefu wa mtaa alikuja na watu wawili. Shangazi alikuwa anapepeta mchele, ungo ulimponyoka.

"Nani anashona hapa?"

"Mimi, Chefu."

"Hii nguo ni ya jeshi gani?"

Nilijibu kweli, bila kufikiri inasikikaje. "Ya chombo cha kwenda kwenye nyota, Chefu."

"Mutoto, unacheka na mimi?"

"Hapana, Chefu. Ni ya filme."

"Yee Mungu wangu," alisema Shangazi, ameketi chini katikati ya mchele. "Huyu mutoto atatuzika na akili yake."

"Umeshona ngapi?" Chefu akauliza.

"Hii moja."

"Na zingine ziko wapi?"

"Chefu, hii moja ilikula miavuli ya mji mzima. Zingine ningezishona na nini?"

Mmoja wa wale watu wawili aligeuza uso ili asionekane akicheka, lakini Chefu hakucheka. Alilikunja koti, akaliweka kwapani, akaondoka nalo. Kabla ya jua kushuka, sokoni koti moja lilikuwa limekuwa makoti kumi. Asubuhi yake makoti kumi yakawa mzigo wa pikipiki. Na nadhani ni mzigo huo ndio uliofika Wamaza kabla ya ukweli. Barabara yetu ni mbaya kwa watu, Baba, lakini kwa uongo ni nzuri sana.

Shuleni Mama Prefe, mkuu wetu, aliniita. Ni mama mkali lakini si mbaya. Mezani alikuwa ameweka karatasi na kalamu. Aliniambia niandike kwamba nilishona vazi linalofanana na la kijeshi, kwamba ninaomba msamaha, na kwamba koti litachomwa. Halafu nitashona nguo za mtoto mchanga kwa haraka na mambo yataisha.

"Nani katika Kasongo atavaa kitu kama kile?" aliuliza. "Wanawake wa hapa wanazaa, wanalima, wanakwenda kanisani, wanakwenda msikitini. Hawapandi kwenye nyota."

"Mama Prefe, na walimu walipoanza kufundisha wasichana, nani alisema wasichana wa hapa watasoma?"

"Usinijibu kwa swali, Mwamini."

"Ndiyo, Mama. Basi ninajibu bila swali. Sitaandika hivyo. Sikushona nguo ya kijeshi. Nikiandika, itakuwa kweli kwenye karatasi, na karatasi itaishi miaka mingi kuliko mimi."

Aliifunika kalamu. Akaniambia nirudi nyumbani kwa Shangazi mpaka aamue.

Sikukaa nyumbani. Nilikwenda kudai koti. Ramazani alifunga kibanda chake, jambo ambalo hata siku ya sikukuu halifanyi, akanifuata na simu yake, na nyuma yetu watu wa benchi, na Mama Zena akiwa na kiti chake mwenyewe kwa sababu alisema kwa Chefu huwa wanakusimamisha mpaka uzeeke. Chefu alikuwa barazani. Ramazani hakusalimia vizuri, alimwekea simu mbele ya uso. "Chefu, tazama. Halafu utufunge wote."

Chefu akatazama. Akatazama tena. Halafu, Baba, akasema, "Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Simamisha." Akavaa miwani. "Huyu muzee ni nani?"

"Ni adui," alisema Ramazani.

"Adui gani? Mutu haangalii adui namna hii. Ona macho yake. Huyu ni baba yake."

"Chefu, hata wewe!" Ramazani alishika ndevu zake kwa mikono miwili. Mama Zena akapiga vigelegele hapo hapo, na Chefu akakohoa, akavua miwani, akakumbuka kwamba yeye ni Chefu.

Koti alilitoa ndani akaniwekea magotini. Lakini akasema, "Ile kitambaa ya mukono, toa. Nguo iko muzuri. Kitambaa, hapana."

Nilimweleza kwamba utepe ndio koti lenyewe, kwamba bila utepe Kapteni ni mtu yeyote aliyevaa mwavuli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, na hata Ramazani akaacha kucheza na simu: "Mutoto, mimi nilizika watu kwa sababu ya kitambaa ya mukono."

Baba, ninajua kwamba neno hilo ni lako pia, hata kama hukulisema kwa Amisi. Uliogopa, na kuogopa kwako si ujinga, kulituokoa. Lakini nilipokuwa nimekaa pale na koti magotini niliona jambo, nikamwambia Chefu, na sasa ninakwambia wewe. Wale watu wa porini walituchukulia mashamba, walituchukulia njia, walituchukulia miaka ya shule. Kama tutawaachia na njano pia, na kijani, na kila kitambaa kinachofungwa mkononi, sisi tutavaa nini? Msiba wetu tutaufunga na nini? Utepe wa mkononi ulikuwa wa Bibi kabla haujawa wao. Sikuwapa. Hakuna mtu aliyewapa.

Chefu alivaa tena miwani, akaugusa utepe. Halafu akasema nikitembea nalo njiani liwe limekunjwa ndani ya mfuko, wala lisivaliwe nje ya ua wa shule. Hilo nimelikubali, kwa sababu ni la busara. Utepe haukutolewa.

Amisi sasa ameosha mikono na anauliza kama barua ina mwisho. Inao.

Juzi Mama Prefe aliniita tena. Nadhani Chefu alimtembelea, kwa sababu aliniuliza kama ni kweli yule mzee ni baba yake, kisha akajifanya hakuuliza. Karatasi ya msamaha haikuwa mezani tena. Lakini alisema maneno haya, nami ninayaandika kama alivyoyasema: "Mji umesikia kwamba hii ni nguo ya porini. Siwezi kwenda nyumba kwa nyumba kusema hapana. Yule aliyepimwa aje, avae mbele ya watu wote, wamwone ni mama wa mtu. Asipokuja, hautaonyesha koti, na hautafanya mtihani." Maonyesho ni Jumamosi ijayo.

Shangazi amekataa kulivaa. Mwenzangu mmoja alikubali, halafu baba yake akamkataza. Na hata wangekubali, koti halingewatosha, mabega yangewaning'inia.

Kwa hiyo, Baba, sikia. Ulipokaa na wajomba mkaamua nirudi, hakuna aliyeniuliza. Kitambaa kilikatwa nikiwa sipo. Sina hasira nawe, lakini sitavaa nilichokatiwa hivyo. Ninakuheshimu, nitakupikia, nitakuoshea miguu ukija, nitakutii katika mambo mengi mpaka nizeeke. Katika hili hapana. Nikipanda pikipiki leo, kila mtu wa Kasongo atasema: mmeona, amekimbia, ilikuwa kweli. Na uongo huo utapanda nami, utafika Wamaza, utakaa na sisi mezani, na siku mdogo wangu atakapotaka kusoma, utajibu badala yako.

Ninaomba kitu kimoja. Amisi anarudi Kasongo Ijumaa. Mahali uliponilipia mimi, mpandishe Mama. Mama, najua utasema wewe ni mtu wa shamba, utasema watu wengi wanakutisha, utasema huna viatu. Njoo bila viatu. Kapteni mwenyewe kwenye kile kipande miguu yake haionekani. Hutasema lolote, utasimama tu, na mimi nitajibu maswali yote. Wakigeuza pindo, waache wageuze, halina aibu. Wakikuuliza wewe ni nani, sema wewe ni mama wa mshonaji.

Na wewe Baba, kama mpunga utakuachilia, njoo pia. Kuna nafasi ya mzee.

Nisalimie Bibi mzaa mama, mwenye kunitunzia karanga. Mwambie Kapteni hajaolewa, najua atauliza. Nisalimie Saidi, kaka yangu mkubwa, kama ameteremka kutoka Salamabila. Aangalie kifua chake na vumbi la mashimo ya dhahabu. Nisalimie mdogo wangu Zawadi, na umwambie sindano niliyomwachia ni ya kushonea, si ya kuchimbulia funza. Nisalimie Baba mdogo, ambaye ninajua ndiye wa kwanza kusema nirudishwe; mwambie simchukii, na kwamba akija nitampima koti. Shangazi Faila anawasalimu wote na kusema kwamba Mama akija alete mawese, kwa sababu mawese ya Kasongo yana maji.

Amisi amewasha pikipiki. Anasema niandike upesi kwamba yeye hana kosa, kwa hiyo ninaandika: hana kosa. Kukataa ni kwangu mwenyewe.

Ijumaa nitakuwa njiani, pale pikipiki za kwenu zinapoingilia mjini, na nitawatazama wote wanaoshuka.

Ni mimi, mtoto wenu, ambaye bado ni mwanafunzi wa darasa la sita,

Mwamini